Wakusanya noti za zamani, hivi posta oda mnaziachaga wapi?

Kishina (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jukwaa hili lina nyuzi za kila namna kuhusu noti. Kuna za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki za 1964 zenye mashua ya Ziwa Victoria, kuna za kwanza za Benki Kuu za 1966 zenye sura ya Mwalimu, kuna rupia za Wajerumani za wakati wa vita, na kila baada ya muda anaibuka mtu na rupia ya Zanzibar yenye jahazi na wachuma karafuu ambayo ukiisikia bei unaomba maji kwanza. Za posta oda? Sijaona hata uzi mmoja. Na sisi tunaolalamika kwamba noti zimepanda bei ndio sisi tunaozipita posta oda kwenye makasha ya wauza vitu vya kale, zimelaliwa na kadi za Krismasi.

Kwa waliozaliwa simu ikiwa mkononi: posta oda ni karatasi uliyoinunua dirishani posta, thamani yake imeshachapwa juu yake, na unaongezea ada kidogo. Unaandika jina la unayemtumia na ofisi atakayolipwa, unachana kishina unabaki nacho, karatasi yenyewe unaitia kwenye bahasha. Mwenzako akiipata anakwenda posta ya kwao, anatia sahihi, anahesabiwa pesa. Msiichanganye na mani oda. Mani oda ilikuwa maagizo kutoka ofisi moja kwenda nyingine, "mlipe fulani kiasi hiki", na kiasi kiliandikwa kwa mkono. Posta oda ilikuja na thamani yake, namba yake na alama ya maji ndani ya karatasi, sawasawa na noti.

Uingereza walianza kuziuza tarehe 1 Januari 1881. Mani oda walikuwa nayo siku nyingi, ila kwa mtu wa shilingi mbili tatu ilikuwa ghali na ina makaratasi mengi. Wakatoa thamani 10, kuanzia shilingi 1 hadi pauni 1, na katikati humo kuna namba za ajabu ajabu: shilingi 1 na peni 6, 7 na peni 6, 12 na peni 6, 17 na peni 6. Ada ilianzia nusu peni hadi peni 2. Kama kiasi chako hakikulingana, ulibandika stempu chache juu ya oda kufidia peni zilizopungua. Ndiyo maana mtu wa stempu naye ana sababu ya kuitafuta.

Sasa kilichonifanya nizipende. Noti ikitumika inaendelea kuishi. Inapita sokoni, inakunjwa kwenye pindo la khanga, inarudi benki, inatoka tena. Posta oda ikilipwa imekwisha kazi: karani anaigonga mhuri, inarudishwa juu kwa wahasibu kulinganishwa na hesabu, halafu inaharibiwa. Kwa hiyo oda utakayoikuta leo mikononi mwa mtu, mara nyingi sana, ni ile ambayo HAIKULIPWA. Ilipotelea kwenye bahasha, au aliyetumiwa alihama, au aliificha ndani ya msahafu akafariki bila kumwambia mtu, au kuna aliyeinunua makusudi akaiweka. Noti unauliza imepita mikono ya nani. Oda unauliza kwa nini haikufika.

Karibuni tujadili. Wenye nazo tupieni picha, ila mfunike majina ya watu.

BwanaNoti

Mkuu Kishina nakuheshimu, lakini hapa unatupeleka porini. Mimi nakusanya PESA. Posta oda ni hati ya malipo, ndugu yake ni hundi. Huwezi kwenda nayo dukani ukanunua sukari. Tukianza hivyo kesho utatuletea uzi wa tiketi za basi.

Kishina

@BwanaNoti hapo hapo ndipo nilipokuwa nakusubiri, kaka.

Agosti 1914 vita vilipolipuka, watu Uingereza walikimbilia benki kutaka dhahabu. Noti ndogo kabisa ya Bank of England ilikuwa pauni 5, fedha nyingi mno kwa mnunua mkate. Serikali ikafunga benki siku kadhaa, ikapitisha sheria tarehe 6 Agosti, na ndani yake posta oda zikatangazwa kuwa fedha halali. Yaani dukani unanunua sukari, na mwenye duka hana ruhusa ya kuikataa. Hali hiyo ilikwenda mpaka Februari 1915. Vita vya pili vilipoanza Septemba 1939 wakarudia tena, safari hii hadi Desemba.

Na kuna la kukufurahisha zaidi. Zile noti za dharura za Hazina za pauni 1 zilizotolewa wiki hiyo hiyo ya Agosti, unazozitamani wewe, za mwanzo zilichapwa juu ya karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya stempu za posta, maana karatasi ya noti haikuwepo. Kwa hiyo noti yako ilivaa nguo za posta, na posta oda yangu ikafanya kazi ya noti. Sasa nani hati ya malipo hapo?

Ndiyo maana mwenye oda za Uingereza anaanza kuangalia tarehe ya mhuri kabla ya kitu kingine. Karatasi mbili zinafanana kila kitu, moja imegongwa Juni 1914 na nyingine Septemba 1914. Hiyo ya pili ilizaliwa ikiwa fedha halali, na mjuzi atakulipa tofauti.

BwanaNoti

Sawa. Nimekaa. Endelea.

Mjukuu wa Karani

Mleta uzi umenikumbusha babu. Alikuwa karani wa posta enzi za Jumuiya ya zamani, kabla haijavunjika 1977, na tulipokuwa wadogo alikuwa anatusimulia jinsi walivyozilinda hizo oda. Ambazo hazijauzwa zilifungiwa kwenye sefu pamoja na fedha taslimu, zikihesabiwa kwa namba asubuhi na jioni. Ikikosekana moja ni sawa na kukosekana pesa, inakatwa mshahara. Zilizolipwa zilifungwa mafungu kwa uzi na kupelekwa makao makuu pamoja na hesabu. Hata ile iliyoharibika wakati wa kuandika hukuweza kuitupa, uliifuta kwa kuandika juu yake na kuirudisha.

Kwa hiyo ni kweli kabisa, hakuna karani aliyekwenda na oda iliyolipwa nyumbani. Vishina ndivyo unavyoweza kuvikuta, kwa sababu kishina kilikuwa mali ya mtumaji.

Kishina

@Mjukuu wa Karani asante sana, hii ni dhahabu. Na vishina navyo vinakusanywa jamani, msivitupe. Vina namba, vina mhuri wa ofisi, na mara nyingine mtumaji ameandika kwa mkono wake alimtumia nani na kwa sababu gani. Oda yenyewe haikwambii habari hiyo.

Mkenya Halisi

Niaje wadau. Huku kwetu tulikuwa tunabeba mani oda za karo siku ya kufungua shule, unaingia geti ukiwa umeishika kama pasipoti. Shule nyingi hazikutaka cash kabisa. Posta oda nazikumbuka kwa vitu vidogo vidogo, kama kutuma ada ya fomu au kuagiza kitabu. Halafu Machi 2007 M-Pesa ikaingia na hiyo foleni yote ikaisha. Sidhani kuna mtu aliaga.

Swali langu kwa mleta uzi: nina posta oda ya shilingi 20 nilipata ndani ya biblia ya marehemu mama, ina mhuri wa miaka ya themanini, haijalipwa. Nikienda nayo posta leo nitapewa hizo 20 bob?

Kishina

@Mkenya Halisi pole kwa mama, ndugu yangu.

Hata kama wangekulipa, nauli ya kwenda ni kubwa kuliko hiyo 20. Oda huwa na muda wake, ukipita ni mambo ya kuandika barua na kusubiri. Na shirika lililoitoa lilishagawanywa: lile la Posta na Simu la Kenya lilizaliwa baada ya Jumuiya kuvunjika, nalo likagawanywa 1999, posta kivyake na simu kivyake. Huku Tanzania yakatokea hayo hayo miaka ya tisini.

Ila usiende nayo dirishani kwa sababu nyingine. Wakiipokea wataigonga na kuibakiza. Kaa nayo. Zile 20 zimeshaliwa na mfumuko wa bei, karatasi haijaliwa. Na kwako wewe ina bei ambayo hakuna mkusanyaji atakayeifikia, maana iliwekwa na mama.

Hebu tuambie, mhuri unasomeka? Ofisi gani?

Mkenya Halisi

Unasomeka nusu. Naona NYAHU... halafu wino umepotea.

Kishina

Nyahururu bila shaka. Na hapa ngoja niseme kitu ambacho wakusanya noti hukipata kwa shida.

Kwenye noti tumezoea kutafuta ngozi: iwe haijakunjwa, kona kali, haijaguswa. Noti ya kwanza ya 1966 iliyokunjwa mara nne ni nyingine na iliyonyooka ni nyingine kabisa. Ukija kwenye posta oda na jicho hilo utanunua karatasi tupu safi zisizo na mhuri, na utakosa utamu wote. Oda ina maisha kwa sababu ya MHURI. Mhuri unakupa ofisi, siku, mwezi na mwaka, wakati noti haikwambii hata ilitumika mji gani. Oda iliyokunjwa, ina tundu la pini, lakini mhuri wake ni wa duara kamili na umetua katikati, naichukua mbele ya ile safi iliyopakwa wino kama dole gumba.

Ofisi kubwa kama Dar, Nairobi na Mombasa mihuri yake ni mingi. Ofisi ndogo ndizo za kutafuta: Mikindani, Kilwa Kivinje, Pangani, Lamu. Halafu kuna majina yaliyokufa. Hiyo Nyahururu yako zamani mhuri wake ulisema Thomson's Falls. Murang'a ilikuwa Fort Hall, Webuye ilikuwa Broderick Falls. Jina likibadilishwa mhuri nao unabadilishwa, na kuanzia siku hiyo ule wa zamani hauongezeki tena.

Mwenye stempu pia aangalie pembeni. Huduma za posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa 1933, stempu za pamoja zikafuata 1935, lakini Zanzibar iliendelea na stempu zake mpaka mwisho wa 1967. Ukikutana na oda iliyobandikwa stempu za Zanzibar na kugongwa mhuri wa kisiwani, usianze kujadiliana bei kwa sauti kubwa.

Dada wa Makumbusho

Naomba niingilie upande wa utunzaji kwa sababu nimeona mambo ya kutia huruma. Watu wengi huku kwetu wakipata karatasi ya zamani, cha kwanza wanaipeleka stesheneri kupigwa laminesheni. TAFADHALI MSIFANYE HIVYO. Moto ule na gundi ile vinaingia ndani ya nyuzi za karatasi, haitoki tena salama. Ukishaipiga laminesheni umeiua, iwe noti, iwe oda, iwe cheti cha babu.

Msizipige pasi kuondoa mikunjo. Msizifute kwa maji wala sabuni, wino wa karani wengi wao ni wa kuyeyuka, utabaki na karatasi safi isiyo na habari. Msibandike selotepu, ile baada ya muda inageuka kahawia na kutoboa upande wa pili. Pini na stepla ziondolewe taratibu kwa sababu huku pwani chumvi ya hewa inazila na kutu inahamia kwenye karatasi.

Mifuko ya kuhifadhia msinunue ile laini inayonuka plastiki mpya. Hiyo ni PVC, joto likizidi inatoa jasho na kunata kwenye wino. Ulizeni ya polista, ni ngumu kidogo na haina harufu. Mkikosa, bahasha ya karatasi isiyo na tindikali inatosha, iwe kabatini mbali na ukuta wa nje.

BwanaNoti

Hili la laminesheni wasomeshwe wauzaji wa mnadani pia. Kuna mmoja alitaka kuniuzia noti ya shilingi 100 imepigwa laminesheni, ananiambia "bosi hii inadumu milele".

Wakili wa Mtaa

Nyuzi kama hizi ndizo zinanirudisha humu. Niongeze kisa kimoja cha sheria, maana hakuna karatasi ya shilingi 5 iliyowahi kuitikisa serikali ya Uingereza kama posta oda moja ya 1908.

Chuo cha wanamaji cha Osborne, kisiwa cha Wight. Mwanafunzi mmoja akaibiwa posta oda ya shilingi 5, ikaenda kulipwa posta ya chuoni siku hiyo hiyo. Mwenzake George Archer-Shee, mtoto wa miaka 13, alikuwa amekwenda posta hiyo siku hiyo kununua oda ya shilingi 15 na peni 6. Karani mama wa posta akasema aliyenunua ile ya 15 na peni 6 ndiye aliyelipwa ya 5. Mtaalamu wa miandiko akasema sahihi ni ya mtoto. Akafukuzwa chuo.

Baba akagoma kukubali. Akamchukua Edward Carson, wakili mkali wa zama zile. Tatizo la kwanza: chuo kilikuwa cha jeshi la Mfalme, na Mfalme hashtakiwi kirahisi, wakazunguka mpaka kesi ikafika mahakamani Julai 1910. Carson alipombana yule mama kwa maswali, ikaonekana kazini wanafunzi wote kwake walifanana, na kati ya kumuuzia mmoja na kumlipa mwingine alikuwa akishughulika na mambo mengine. Siku ya nne upande wa serikali ukasimama na kukiri mtoto hana hatia. Familia ilikuja kulipwa fidia baadaye. Mtoto mwenyewe aliuawa vitani Ypres, Oktoba 1914, ana miaka 19.

Mnaona namba ya oda na sahihi ya mlipwaji vilivyokuwa na uzito. Noti ya shilingi 10 ikiibiwa nani angejua imekwenda wapi?

Kishina

@Wakili wa Mtaa hicho kisa nilikuwa nimekiweka akiba, umeniwahi. Na angalia mwaka: anakufa Oktoba 1914, katikati ya miezi ile ambayo oda kama ile ya shilingi 5 ilikuwa fedha halali madukani.

Kijana wa Mwanza

Wakuu mimi mgeni, bajeti yangu ya mwanafunzi. Naanzia wapi? Zipo za nchi nyingine?

Kishina

Zipo nyingi, mdogo wangu, na si lazima uanze na za ukoloni.

India ndiyo mlango rahisi. Kule oda za posta ziliendelea kuwa na kazi muda mrefu baada ya kwetu kusahaulika, kwa sababu sheria yao ya haki ya kupata taarifa ya 2005 inakutaka ulipe rupia 10 unapoomba taarifa serikalini, na watu wamezoea kulipa kwa posta oda ya rupia 10. Ukiwa na rafiki au ndugu anayesoma huko, mwambie akununulie chache na azigongeshe mhuri wa mji anaokaa. Bei ni ya chai.

Marekani ukiweza kumudu. Walitoa noti za posta kuanzia Septemba 1883 mpaka 1894, kwa kiasi kisichofika dola 5, ada senti 3. Karani alitoboa matundu kuonyesha dola ngapi na senti ngapi. Wakusanya noti wa Marekani walizikubali zamani, kwa hiyo bei zake nazo zimepanda.

Na kuna jirani yetu wa kusini, huyu simwachi. Mwaka 1900, vita vya Makaburu vimekata njia, Bulawayo, Zimbabwe ya leo, ikaishiwa sarafu za chenji. Afisa wa serikali aitwaye Marshall Hole akatoa vikadi vidogo vimebandikwa stempu upande mmoja, upande wa pili kuna sahihi yake na ahadi kwamba mwenye kadi atalipwa thamani ya stempu kuanzia tarehe 1 Agosti 1900. Watu wakanunulia vitu. Si oda, si noti, si stempu, na wakusanyaji wa vyote vitatu wanagombania kuziweka kwenye albamu zao. Usianze na hizo, ni ghali na zimeghushiwa, nimezitaja kwa raha tu.

Kwa hapa nyumbani, anza kwa kuuliza wazee. Posta oda haziuzwi Kariakoo. Ziko kwenye mikoba ya ngozi pamoja na kadi za chama, risiti za kodi ya kichwa na vitabu vya sala. Ukipewa uangalie, usitoe kitu kwenye mpangilio wake. Oda ikiwa ndani ya bahasha yake na barua yake, INABAKI ndani ya bahasha yake na barua yake. Hapo ndipo utajua kwa nini haikulipwa.

Wenzetu Uingereza wana chama chao, Postal Order Society, tangu 1985, na hufanya minada kwa njia ya posta. Huko ndiko utakutana na watu wanaojua kutofautisha karatasi za mfalme mmoja na mwingine kwa kugusa.

Kijana wa Mwanza

Asante sana mkuu. Na feki nitazijuaje?

Kishina

Karatasi yenyewe ni nadra kughushiwa, haina faida. Wanachoghushi ni mhuri na maandishi yaliyogongwa juu. Mtu anachukua oda tupu ya kawaida, anaigonga jina la ofisi adimu na tarehe ya Septemba 1914, bei inaruka. Kwa hiyo: inua kwenye mwanga uone alama ya maji ipo. Soma sura ya mfalme au malkia aliyepo ilingane na mwaka wa mhuri. Angalia wino: wa kweli umezama kwenye nyuzi na umefifia pamoja na maandishi ya karani, wa jana umekaa juu na unang'aa. Kama mhuri umepita juu ya mkunjo, utazame pale kwenye mkunjo. Wino uliogongwa kabla ya karatasi kukunjwa hukatika pamoja na nyuzi, uliogongwa baadaye hutiririka ndani ya ufa. Nunua lenzi ya sonara, ni bei ndogo.

Na kama muuzaji hataki uitoe kwenye mfuko uitazame, mwachie.

BwanaNoti

Haya mleta uzi, umeshinda. Jana nimepekua kasha langu la "takataka" nikakuta posta oda ya Uingereza ya shilingi 2 na peni 6, nilipewa kama nyongeza niliponunua noti za Bodi ya Sarafu. Mhuri sijauelewa, duara moja, herufi za juu naona ...NGANI. Ni Pangani au Songani?

Kishina

Tupia picha ya mhuri peke yake, karibu, mchana kwenye kivuli, usitumie flashi. Na kabla ya hapo, kaka, naomba uniambie tarehe.